Karafuu za Ticha

Siku ya kwanza niliyoitwa ticha niligeuka nyuma nione anayeitwa ni nani. Nyuma yangu palikuwa na ubao tu. Mwalimu wa kweli ni mume wangu, aliyesoma hesabu mpaka chuo kikuu. Mimi niliishia kidato cha pili, nikaja nikapata cheti cha kufundisha watoto wadogo, cha miezi michache, na cheti chenyewe kila aliyehudhuria alipewa. Nayataja haya mwanzo ili anayesoma ajue anamsikiliza mtu wa namna gani. Nina desturi ya kuandika mambo yangu kwenye daftari, lakini siku zile za hofu niliandika mistari miwili mitatu tu kwa siku, kwa hiyo huenda nikakosea mahali.

Tulitoka Kenya, pwani ya kusini, upande wa Kwale, tukaja Gando kisiwani Pemba kwa sababu shule moja ya watu binafsi ilikuwa inatafuta mwalimu wa hesabu. Mwenye shule alisema kwenye simu, "Mwanamume peke yake hatumtaki, atatuletea maneno. Aje na mkewe. Na huyo mke tutampa watoto wa maandalizi." Ndivyo nilivyopata kazi. Mume wangu alikuwa amekaa nyumbani karibu miaka miwili bila ajira, akifundisha watoto wa majirani kwa ahsante. Tuliuza kitanda, kabati na mbuzi wawili tukapata nauli ya mpaka Tanga na ya boti. Tuliporudisha ufunguo wa nyumba ya kupanga tulijua kwamba tukishindwa Pemba hatuna pa kurudi ila kwa mamangu, na kwa mamangu kuna chumba kimoja.

Kwetu walinitisha kwa mambo mengi ya Pemba kabla hatujaondoka. Siyaandiki, kwa sababu hata moja sikuliona, na si haki kumwandikia mtu jambo ambalo hukuliona. Hofu yangu ilitoka kwenye mambo madogo. Niliogopa kusalimia vibaya. Kiswahili nilidhani ni changu, mtoto wa pwani mimi, lakini nikifungua mdomo bombani wanawake walikuwa wanatazamana, na mmoja akanambia kwa upole, "Wasema kama redio, bibie." Watoto njiani waliniita Mkenya. Si kwa matusi, walikuwa wanataja tu, kama unavyotaja rangi ya ng'ombe. Lakini nilipokuwa nafika mlangoni nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mzigo.

Hofu kubwa ilikuwa ya karatasi. Kibali tulichoingia nacho kilikuwa cha miezi mitatu. Ili tupate cha kukaa, ilitakiwa barua ya sheha, na sheha ndiye serikali iliyo karibu kuliko zote, ndiye anayejua nani kalala nyumba gani. Tulimwendea wiki ya pili. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikioni. Alitukaribisha vizuri, tukapewa maji ya ndimu, akaisoma barua ya mwenye shule mara mbili.

"Mwaijua barua ya sheha inavyoandikwa?" akauliza. "Inaandikwa 'ninawafahamu'. Haya, miye nakufahamuni? Nimekuoneni leo."

Mume wangu akasema, "Basi tufanyeje, mzee?"

"Kaeni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka n'kufahamuni."

Hakusema kwa ubaya, na nikifikiri sasa naona alikuwa na haki. Nani ataweka jina lake chini ya mtu asiyemjua? Lakini tulitoka pale mimi nahesabu siku kwa vidole ndani ya mtandio.

Kisha ukaingia msimu wa karafuu.

Mtu ambaye hajauona hawezi kuelewa. Pilika zote zinakwenda huko. Darasa langu la watoto thelathini na kitu lilibaki nusu, na hao nusu walikuja na vidole vyeusi, wananukia kama sufuria ya pilau. Asubuhi moja kitoto kimoja cha kike kikafungua pembe ya mtandio wake, kikanimwagia mezani konzi moja ya karafuu mbichi, nyingine za kijani, nyingine zina wekundu kidogo.

"Ticha, mama kasema chukua."

Kabla sijajibu wakasimama wengine watano. Mmoja alizitia kwenye soksi.

Nilimuuliza jirani yangu. Ni mama mtu mzima, ukuta wetu na wake ni mmoja, na mimi namwita Bi Mkubwa kama wanavyomwita wote. Alicheka. "Ndo desturi. Mwalimu wa chuo cha Kurani msimu ukifika hupelekewa, kila mtoto kiasi chake, kile alichookota chini ya mti. Kwani weye si mwalimu?"

"Mimi nafundisha a, e, i, Bi Mkubwa."

"Na yeye kaanza na alifu. Pokea, mwanangu, ukikataa wenyewe watajiona wamedharauliwa."

Nikapokea. Bi Mkubwa akaniazima jamvi, akanionyesha kuchambua, kutenga karafuu na vikonyo vyake, na kuanika uani. Zinaanza kubadilika rangi siku ya pili. Siku ya nne ukizishika zinavunjika kwa mlio. Nilikuwa nikitoka shule nakaa juu ya kigogo pembeni ya jamvi langu nazigeuza kwa mkono, na kwa siku kumi hivi sikuogopa kitu. Nataka hilo liandikwe. Kulikuwa na siku kumi. Karafuu zilizokauka nilizitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, na kopo likakaribia kujaa.

Siku ya kumi na moja, bombani, tukisubiri maji, mwanamke mmoja aliniuliza karafuu zangu nitazifanyia nini. Nilifurahi kuulizwa. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha zoea, "Skuli zikifunga nitampelekea mamangu kopo zima. Kwetu zinapendwa sana."

Nilisema skuli, kama wao, badala ya shule. Nilijisikia mwenyeji.

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa ikamwagika, na mwenyewe hakuiondoa. Kisha msichana mmoja akacheka, "Ehee! Mkenya kaja kufundisha na kopo lake!" na mwenzake akamsukuma bega, "Nyamaza weye, hajui." Walionitazama kila siku hawakunitazama. Bi Mkubwa alichukua ndoo yake ambayo haijajaa akanambia twende.

Njiani alinieleza bila kunigeukia. Karafuu hapa mnunuzi wake ni serikali peke yake. Hata kutoka nazo shambani kwenda kituo cha kuuzia unatakiwa uwe na kibali cha sheha. Na kubwa kuliko makosa yote ni kuzivusha maji kuzipeleka Kenya. Kuna watu wamefungwa kwa hilo. Kuna familia hapo hapo Gando zimepoteza chombo na mwanamume kwa safari moja.

"Mkenya na karafuu," akasema, "askari akiyasikia hayo mawili pamoja, mwanangu, haulizi la tatu."

Hapa ndipo daftari langu lina mstari mmoja nilioukata na kuuandika upya mara nyingi. Nilikuwa najua au sikujua? Kwetu karafuu za Pemba zinauzwa sokoni na kila mtu anajua hazikuja kwa miguu. Neno magendo nililisikia tangu utoto. Lakini nilidhani magendo ni magunia, ni watu wenye mashine na bunduki, si kopo la maziwa la mwalimu wa maandalizi. Nikijihukumu kwa haki nasema nilijua nusu, na nusu nyingine sikuiuliza.

Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari nilipoingia. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama. Aliweka kalamu chini.

"Nani mwingine amesikia?"

"Walikuwepo bombani."

"Nauliza nani."

"Bomba zima."

Akafunga daftari alilokuwa analisahihisha. Kisha akasema, si kwa ukali, "Bibi, zimebaki wiki nne za kibali. Wiki nne." Hakunitukana. Ningependa kuandika kwamba alinitukana, ingekuwa rahisi kwangu, lakini hakunitukana.

Tulikubaliana lile kopo lisionekane. Ndipo tulipogundua jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua: karafuu hazifichiki. Tuliliweka chini ya kitanda, na asubuhi shuka, nguo, mpaka mkate ulinukia. Tukazimimina kwenye mfuko wa nailoni, tukaufunga, tukautia ndani ya mfuko mwingine, tukauweka nyuma ya gunia la mkaa. Mume wangu alirudi shule akanambia wanafunzi wake wa kidato cha pili wanamnusa akipita, wanatabasamu. Kuzitupa chooni? Choo chetu kiko ubavuni mwa jiko la Bi Mkubwa. Kuzitupa baharini? Nilimuuliza mume wangu nani atabeba, Mkenya gani ataonekana anakwenda pwani na mfuko unaonukia karafuu, akasema basi nyamaza. Kuwarudishia watoto? Zimechanganyika, na ujumbe ambao ungewafikia mama zao ni kwamba nimewatemea mate.

Siku ya Ijumaa wanaume walipokuwa msikitini nilijaribu kuzichoma. Nilitia kiganja kimoja tu kwenye moto. Ule moshi sitausahau, ulikuwa mtamu, ukapanda juu ya makuti ya ua kama unaita watu. Sauti ya Bi Mkubwa ikaja kutoka upande wa pili, na ilikuwa mara ya kwanza kunipandishia sauti:

"Ni nani anachoma karafuu? Weye una akili kweli? Watu wamepanda juu ya miti kwa hizo!"

Nilimwaga maji juu ya moto, nikakaa chini jikoni na mikono masikioni. Tangu siku ile alipunguza kunisemesha. Alikuwa anajibu salamu, hakuzidisha. Simlaumu. Mumewe alianguka kutoka kwenye mkarafuu miaka iliyopita na hakuinuka tena kufanya kazi, na hilo nilikuwa nimeambiwa na yeye mwenyewe, nilikuwa ninalijua kabla ya kuwasha moto.

Wiki iliyofuata gari la kijani likasimama mbele ya duka, mkabala na dirisha la darasa langu. Wakateremka wanaume wawili wenye sare. Nilikuwa nimeweka fimbo kwenye ubao, kwenye silabi "ba", na watoto wanaitikia. Niliwaona wale wanaume wakimuuliza mwenye duka, na mwenye duka akinyoosha mkono upande wetu. Nilifikiri kwanza juu ya mume wangu, kwamba yeye ndiye watakayemchukua kwa sababu nyumba ni yake, na yeye hata karafuu moja hakupokea. Watoto waliendelea, "Ba! Ba! Ba!" mpaka mmoja akaniambia, "Ticha, bado ni ba?" Fimbo yangu ilikuwa haijasogea.

Baadaye nilisikia kwamba walikuwa wanatafuta fundi wa kuziba tairi. Fundi anakaa nyuma ya shule yetu. Ndiyo maana ya ule mkono. Lakini siku ile mimi niliisha.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu nakwenda kwa sheha. Akakataa, na nataka kuandika sababu zake sawasawa, kwa kuwa hazikuwa za kijinga. Alisema: "Sheha anatakiwa aandike kwamba anatufahamu. Wewe unataka kwenda kumpa kitu cha kufahamu ambacho kitatufukuza. Subiri barua itoke. Ikishatoka tutajua la kufanya na huo mfuko." Nikamwambia sheha amekwisha sikia, Gando si kubwa. Akasema, "Kusikia si sawa na kuambiwa na mwenyewe. Aliyesikia anaweza kujifanya hakusikia. Aliyeambiwa hawezi."

Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa na hoja nzuri zaidi. Mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa na hoja. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kula.

Nilisubiri aende kufundisha masomo ya jioni, baada ya alasiri, nikautoa mfuko nyuma ya mkaa, nikaufunga kwenye kanga, nikaupakata kama mtoto. Kutoka kwetu mpaka kwa sheha ni mwendo wa dakika kumi. Harufu ilitangulia. Kila baraza niliyopita maneno yalikatika, nasalimia, wanaitika, na nyuma yangu maneno yanaanza tena kwa sauti ya chini. Mara mbili nilitaka kurudi. Mara ya pili niligeuka kabisa, nikaona wanawake wawili wamesimama njiani wananitazama, nikaona kurudi kunatisha zaidi.

Sheha alikuwa uani na mkewe, wamekaa juu ya mkeka wanachambua. Karafuu zao zilikuwa chungu nzima, na majamvi yametandazwa mpaka ukutani. Nilitoa shikamoo, nikapewa kigoda, sikukikalia. Nikaweka kanga chini nikaifungua.

"Mzee, hizi ni zangu. Nimekuja kusema mwenyewe."

Akazitazama, hakuzigusa. "Kakupa nani?"

"Nimepewa na watoto. Lakini majina siyasemi, mzee. Nimepokea mimi, kosa ni langu."

"Majina usinitajie, nnayo yote kwenye daftari langu, na siku waliyozaliwa. Kupewa si kosa." Akachukua konyo moja akalitupa pembeni. "Nakuuliza zilikuwa ziende wapi."

Hapo ndipo ningeweza kusema za chai. Mtu gani angepinga? Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi, nalikumbuka lilivyokaa. Nikasema, "Kwa mamangu. Kenya."

Mikono ya mkewe ikasimama. Sheha alivua miwani, na kwa kuwa ilikuwa imefungwa na uzi ilimchukua muda, nami nimesimama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Nilijua kuna magendo. Sikujua kama hata kopo la maziwa ni magendo. Na sikuuliza, mzee, nadhani kwa sababu sikutaka kuambiwa."

Mkewe akasema kwa pembeni, "Haya, huyu angalau hajifanyi mtoto mchanga." Sheha hakucheka. Aliniuliza kama mume wangu anajua nimekuja. Nikasema hajui, na kwamba alinikataza, na kwamba alinikataza kwa kuogopa, si kwa hila. Akatikisa kichwa. Akaandika kikaratasi kidogo, akakipiga muhuri.

"Kesho Jumamosi, kituo kiko wazi asubuhi. Utazipeleka kuuza mwenyewe, kwa jina lako. Kichwani, si kwapani. Na upite barabara kubwa."

"Na barua yetu, mzee?"

"Nakwambia habari ya karafuu."

Mume wangu nilimwambia jioni ile ile. Aliinamisha kichwa juu ya meza. Alipokiinua akasema, "Nitakwenda na wewe." Nikamwambia sheha amesema mwenyewe. Alinisindikiza mpaka kwenye kona ya shule, zaidi ya hapo nikamkataza.

Kituoni palikuwa na foleni ya watu na magunia yao. Mimi nilikuwa na mfuko kichwani, mtandio umeteleza kwa jasho, sina mkono wa kuuvuta. Karani alikuwa kijana, macho yake kwenye mizani. Nilipofika mbele akatazama mfuko, akatazama mimi.

"Hizi ni za kuuza au za kutia kwenye pilau?"

"Za kuuza."

"Jina?" Nikampa, na kikaratasi cha sheha. "Mwenyeji wa wapi?"

Nikasema Kenya. Nilisema chini, lakini pale hapakuwa na kelele za kutosha. Foleni nzima ikanigeukia. Kisha sauti moja kutoka nyuma, ya mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake, ikasema:

"Yakhe! Leo Kenya inaleta, haichukui!"

Walicheka mpaka karani akaweka kalamu. Mmoja akaongeza, "Mwandike vizuri huyo, hatutamwona wa pili!" Sikujua kama wananicheka au wanacheka tu. Nilisimama hivyo hivyo.

Karani alipotia mkono ndani ya mfuko alitoa kiganja, akavunja moja kwa kucha, akanusa, akakunja uso. "Hizi zimevukizwa. Zilikaa kwenye nailoni? Tazama, zimeanza ukungu mweupe. Hazipokelewi, dada. Anika tena, toa mbovu, urudi nazo."

Hilo sikulitarajia. Nilidhani jambo baya kuliko yote ni kuchukuliwa karafuu zile. Kumbe lipo la kurudishiwa. Nilizibeba tena kupitia barabara ile ile, na safari hii watu waliuliza wazi: "Vipi, ticha, wamezikataa?" Nikawa nasema ndiyo, zimekataliwa, mimi nilizificha zikavuja jasho. Nilisema hivyo labda mara nane. Mara ya nane sikuinamisha macho.

Uani kwetu jua halikai siku nzima, kuna kivuli cha ukuta. Nilitandaza jamvi mbele ya nyumba, kando ya barabara, kila anayepita aone. Kwa siku tatu nilikwenda darasani nikijua zipo pale peke yake, na kila pikipiki iliyosimama nilikuwa nainuka. Siku ya pili nilirudi nikakuta zimegeuzwa, mistari imenyooka kama iliyopitishwa na mtu anayeijua kazi, na mbovu zimetengwa pembeni kwenye kifuu cha nazi. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni kwake. Nilimshukuru. Akasema, "Jamvi ni langu, sitaki liharibike," akaingia ndani.

Safari ya pili zilipokelewa. Karani alinipa risiti na pesa kidogo mkononi, nikawanunulia watoto chaki za rangi, na basi, karafuu zikaisha. Sitasema nilipumua. Barua ilikuwa bado haijatoka, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku ya saba katika hizo tisa, sheha alitutumia mtu tuje sote wawili. Mume wangu alivaa shati lake la mkutano. Tulikuta barua imekwisha andikwa kwa mkono, kwa maandishi ya zamani yaliyolala upande mmoja, inasubiri muhuri. Aliisoma kwa sauti tangu mwanzo, majina yetu, kazi zetu, nyumba tunayokaa. Alipofika pale alisoma polepole: "Watajwa hapo juu ninawafahamu." Akapiga muhuri mara mbili kwa kuwa ule wa kwanza haukukolea.

Mume wangu alishukuru sana. Mimi nilishukuru pia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lile neno. Mume wangu alikuwa mwalimu pekee wa hesabu, mitihani ya kidato cha nne ilikuwa inakaribia, na huenda barua ingetoka tu, hata mfuko ungebaki nyuma ya mkaa mpaka leo. Siwezi kuandika kwamba ukweli wangu ndio uliotuweka Gando. Sina ushahidi. Ninalolijua ni kwamba kwa habari yangu mzee yule alikuwa analifahamu jambo moja tu, na ndilo nililotamani kuliko yote asilifahamu, na alilifahamu akaandika.

Tuliposimama kuaga akanambia, "Ya mwaka mmoja hiyo, ticha. Mwakani msimu ukiingia mtanijia tena."

"Inshallah, mzee."

Njiani mume wangu alitembea mbele mpaka tukapita msikiti, akanisubiri. Kisha akasema, "Umetuponza na umetuokoa. Sijui nianze na lipi."

"Anza na la kwanza," nikamwambia, "ndilo lililotangulia."

Alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka kwa wiki nyingi. Mimi sikuweza kucheka bado. Nilimwomba ile barua niishike mwenyewe mpaka nyumbani.